Bilauri Tano

Gesi imekwisha, na leo Swafiya anarudi kutoka hospitali.
Basi hakuna keki. Biskuti nimezifunga kitambaani
nikazitwanga kwa mchi wa mama,
taratibu, jirani asidhani ni ugomvi.

Maziwa mgando nimeyachuja tangu alfajiri
kwa leso kuukuu; yamekuwa mazito,
yana uchachu wa kumfumbisha mtu jicho.
Sukari kidogo. Iliki. Chembe ya chumvi.

Biskuti chini, mgando juu, biskuti tena,
ndani ya bilauri tano za harusi yangu
(ya sita aliivunja yeye, ana miaka minne).

Saa nane stima ikapotea Kibokoni nzima.
Nimekaa sakafuni, mgongo mlangoni mwa friji:
asifungue mtu
kabla yake.