Safu ya Sita

Daftari langu lina safu tano:
namba, jina, jinsia, ametoka wapi, bei.
Nalifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli
maana vumbi la Kisongo halibishi hodi.

Mwaka huu tunapanua, alisema Bwana Akyoo,
akakunja mikono ya shati, akakunjua ramani
juu ya magunia ya pumba.
Eka sabini upande wa magharibi,
nguzo zilizolowekwa dawa,
birika la kunyweshea refu kama kanisa.
Tutakuwa na choroa. Tutakuwa na pofu.
Aliyatamka majina hayo
kama mtu anayeagiza viti vya harusi.

Wakaja. Lori liliingia saa kumi alfajiri,
taa moja imekufa, Anaeli kwenye usukani
na jasho la safari nzima kwenye kola.
Ndani ya sanduku kitu kilipiga teke
mara moja tu, kwa adabu,
kama anayegonga mlango wa ofisi ya kodi.
Tulipofungua, pofu hakutoka.
Alisimama akautazama Mlima Meru,
mlima nao ukavuta wingu ukajifunika.
Namba 61. Dume. Kwenye bei
kalamu ilichoka kabla sifuri hazijaisha.

Lemburis, mkagua uzio, alichungia humu
ng'ombe wa baba yake, kabla hapajaitwa humu.
Hasemi sana. Hugonga nguzo kwa rungu
akasikiliza, kama daktari wa kifua.

Jumamosi huja basi la shule kutoka mjini.
Watoto hupiga kelele, Pundamilia! Pundamilia!
Na juu ya kilima, nje ya waya,
wachungaji wadogo wamekaa kwenye mawe,
pundamilia wa bure wakila nyuma yao,
wanawashangaa watoto.

Sasa sikia. Jumanne moja nahesabu: wanane.
Daftari linasema saba.
Nikavua miwani, nikaifuta kwa khanga,
nikaanza upya kutoka mkia wa mwisho. Wanane.
Jike, kovu la makucha begani,
sikio halina kipini cha namba.
Hakuna waya uliokatika.
Lori la majani makavu lilipoingia jana, alisema Lemburis,
naye aliingia nyuma yake,
kama mgeni aliyesikia sufuria ikifunuliwa.

Bwana Akyoo alicheka hadi akakohoa:
Tumepanuka bila senti!
Kisha akaikumbuka sheria,
akawapigia simu watu wa wanyamapori.
Simu ikaita. Ikaita.

Mimi nikaandika: 74. Pundamilia. Jike.
Ametoka wapi: huko.
Bei: nikapiga mstari.

Majani yetu hakuyataka.
Siku tisa alisimama kwenye uzio wa magharibi,
pua ikielekea Monduli,
na kila jioni mmoja wa wale wetu, namba 38,
alisogea, akaweka kidevu juu ya mgongo wake,
kila mmoja akilinda upande
ambao mwenzake hauoni.

Nikiri jambo. Siku ya kumi nililiona komeo
la lango dogo. Halikukaa vizuri.
Mvua ilikuwa inanukia
na mikono yangu yote ilikuwa na ndoo.

Asubuhi: sita.
Lemburis aliinama penye nyayo,
akafuta moja kwa soli ya kandambili,
taratibu, halafu nyingine.
Upepo, akasema.

Nikafungua daftari. Namba, jina, jinsia,
ametoka wapi, bei. Nikachukua rula
nikachora safu ya sita, nyembamba, ukingoni,
pale karatasi inapoanza kuchanika:
ameelekea wapi.

Sijaijaza. Bwana Akyoo yuko mlangoni,
ramani mpya kwapani,
anauliza kama tunaweza kupata twiga.