Shubiri ya Verlin

Bwana Tesmer alikuja na lori lake Jumamosi ya Mei,
akaegesha nyuma ya duka la mbolea,
akatuhesabia vifaranga mia tatu wa kambare
katika mifuko iliyovimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta.
"Msiwamwage tu," alisema. "Bwawa lenu lina wenyewe."

Wenyewe tunawajua: besi, midomo mipana,
waliopandwa na baba mkwe kabla hatujaoana,
wazee wa maji, hawamuulizi mgeni jina.
Mwaka juzi tulimwaga mia mbili, wembamba kama njiti za kiberiti.
Tukasikia chubwi, chubwi, hadi giza likaingia.
Asubuhi bwawa lilikuwa kimya, limeshiba.

Safari hii Verlin ameunda kizimba:
wavu wa plastiki, fremu ya mabomba,
madumu manne ya maziwa ndiyo maboya,
kamba kwenye nguzo ya gati.
Ndani vifaranga, nje besi wakizunguka,
pua kwa wavu, pua kwa wavu,
kama watoto kwenye kioo cha duka la keki.

"Tutawafungulia wakifika shubiri," alisema.
Nikamuuliza, shubiri ya nani?
Mashine ya kuvunia mahindi ilimla kidole cha mwisho
mwaka ule Mto Osage ulipopanda hadi ghalani,
na tangu hapo kila akipimacho hupunjika:
mbao, kitambaa, subira.
Mimi mkono wangu ni mzima, hupiga kinanda kanisani.
Hatukuafikiana. Tukawalisha.

Konzi mbili, saa kumi na mbili jioni,
na maji yakachemka bila moto.
Kobe wa maji akatafuna boya moja, kizimba kikalalia ubavu.
Korongo akasimama juu ya kifuniko kutwa nzima,
akaondoka na njaa yake.
Nikaanza kuwapenda, jambo alilonikataza Verlin,
maana tunawafuga tuwale.

Kisha Agosti. Siku tatu za mawingu bila upepo,
maji ya kijani, mazito kama uji uliopoa.
Verlin alikuwa hospitali, Jefferson City,
moyo wake ukisikilizwa na mashine.
Saa kumi alfajiri nikaenda gatini na tochi:
midomo, midomo, inafunguka, inafunga,
inaomba hewa na haina sauti ya kuombea.
Besi walikuwa na bwawa zima la kutafutia pumzi.
Hawa walikuwa na kizimba.

Nikachota kwa ndoo, nikamwaga kutoka juu,
nikachota, nikamwaga,
gauni la kulalia limelowa hadi kiunoni,
mpaka jua likatoka na upepo ukaja
kutoka shamba la soya la akina Brinkmeyer.
Walikufa kumi na tisa. Niliwazika kwenye maboga.
Verlin alipopiga simu nikasema, wote wazima.
Akasema, na mimi mzima.
Tulidanganyana vizuri, kama watu waliozoeana.

Oktoba alimtoa mmoja, akamlaza juu ya gati,
akanyoosha vidole vyake vinne. "Amefika."
Nikaweka mkono wangu. Alipungua wanda mmoja.
Nikamtazama Verlin, kola ya shati imemzidi shingo.
"Amefika," nikasema.

Akakata uzi wa mlango. Tukangoja chubwi.
Hakuna aliyetoka.
Wakazunguka mle mle, mduara ule ule,
na mlango uko wazi.
Jumatatu walikuwemo. Jumanne walikuwemo.
Verlin alicheka mpaka akalazimika kuketi.
Alhamisi kulikucha na jalidi juu ya mbao za gati,
na kizimba kilikuwa na maji tu.

Sijui wangapi walifika chini. Yeye hakuuliza.
Lakini saa kumi na mbili jioni bado nakwenda,
konzi mbili,
na mahali fulani karibu na nguzo
maji hujikunja mara moja,
kwa kitu ambacho siwezi kukipima kutoka hapa.