Miraba Mia Tatu Themanini na Nne

Mwanzoni nilikata moja moja, kama mjinga:
pembetatu hii, pembetatu ile, nazishika ncha kwa ncha,
na kitambaa kikishakatwa mshazari
kinavutika kama mtoto anayedeka.
Tangu adhuhuri hadi alasiri nikapata ishirini,
na katika hizo, saba zimepinda.

Mwavita alikuwa kizingitini, anamenya karanga.
Akasema, Dada, kwa mwendo huo
utamfunika baba akiwa tayari ana sanda.

Baba ana baridi isiyo ya hali ya hewa.
Zamu ya Rusimbi anafunikwa blanketi la Rusimbi,
zamu ya Buzebazeba, la Buzebazeba,
na njiani, ndani ya bajaji, hana kitu.
Hakuna mke anayekubali la kwake lihame.

Usikate, Mwavita akasema. Shona kwanza.
(Alijifunza Kasulu, kwa fundi mmoja Mrundi
aliyeshona mifarishi huku akihesabu kwa kuguna.)
Chukua kitenge cha mama yako, kipande kizima.
Chukua cha mama yangu. Vilaze uso kwa uso.

Tukanyamaza kidogo hapo.

Mama yangu na mama yake hawajatazamana
tangu mwaka wa mabati, pale baba alipoezeka
nyumba moja, akaiambia nyingine isubiri mavuno ya michikichi.
Mvua ya mwaka ule bado inanyesha katika maneno yao.

Basi tukavilaza: jogoo wa mama yangu
kifua kwa kifua na matawi ya samawati ya mama yake.
Chaki. Sita kwa nne, miraba ya nusu shubiri.
Kisha mshazari, mraba hadi mraba,
mstari ushuke, ugeuke, upande tena, usikatike,
kama njia ya mtu anayedaiwa mtaa mzima.
Shona kulia kwa mstari. Rudi, shona kushoto,
upana wa mguu wa cherehani, hata uzi usizidi.
Mimi nakanyaga, yeye anavuta.
Ukiona kila kitu kimefungwa na hakuna pa kupita,
hapo sasa shika mkasi.

Ishirini na nne huzaa arobaini na nane.
Nilikataa kuamini mpaka nilipofungua ya kwanza
nikaipiga pasi ya mkaa:
nusu jogoo, nusu tawi, mshono katikati umelala.
Na pacha wake vilevile.
Huwezi kumtoa mmoja bila kumchana mwenzake.

Vipande vinane vya namna hiyo.
Siku nne, bobini kumi na moja, sindano mbili zimevunjika.
Kuna vyenye doa la mawese lisilotoka,
kuna kimoja kimeungua ncha, Mwavita alikuwa anasimulia.
Tulivipanga sakafuni kumi na sita kwa ishirini na nne,
tukavipangua, tukavipanga,
kila mmoja akisukuma nusu ya kwao iangalie juu
na kudhani mwenzake haoni.

Mama alikuja kukagua. Akainama, akamtafuta jogoo wake.
Mbona wangu mmemkata nusu?
Nikamjibu, Hata la kule limekatwa nusu.
Akahesabu safu mbili kwa kidole, polepole, akaridhika,
au akachoka. Hakusema.
Mama Mwavita hakuja. Alituma pamba ya kujazia,
gunia zima, na risiti juu yake.

Sasa baba yumo ndani ya bajaji, kafunikwa hadi kidevuni.
Usiku, anasema, huwa anapapasa mishono
mpaka usingizi umkute safu ya tatu.

Ndani ya kopo la vifungo nimeficha moja iliyobaki.
Kwenye mraba ule nilisahau mshono wa kushoto.
Tulipokata, upande mmoja ulishika;
upande wa pili uliniachana mkononi,
jogoo huku, tawi kule, kingo zimeanza kufumuka.
Mwavita anasema nitupe.
Nimemwambia nitatupa.