Ubavu

Sabuni haina siri.
Naimwaga juu ya tairi, nazungusha taratibu,
na palipo na tundu povu linachemka lenyewe,
jeupe, dogo, kama mate ya mtoto anayeota jino.
Likichemka katikati, penye kashata, nafurahi:
nachomoa msumari, nasokota kamba yenye gundi,
rupia mia na hamsini, chai haijapoa, nenda zako.

Leo limechemka ubavuni.

Skarma Lhadol amechuchumaa kando yangu,
helmeti kwapani, sanduku la chanjo kati ya miguu.
Barafu itadumu mpaka saa kumi, anasema,
na kule Gya watoto kumi na mmoja wanaingoja sindano
bila kujua kwamba wanaingoja.
"Ziba, Mahfuz. Ni kijiwe tu. Kijiwe chenyewe hivi."
Ananionyesha kwa ncha ya ukucha.

Si ukubwa, namwambia, ni mahali.
Uso wa tairi umevaa buti; ubavu umevaa shati.
Kila mzunguko unajikunja, unajinyoosha,
na hakuna kiraka kinachovumilia kupumua kiasi hicho.
Namshika dole gumba, nampitishia juu ya jeraha:
nyuzi hizo, unazisikia? Zimekatika mbili.
Labda tatu.
Kisha napangusa vumbi, namsomea tarakimu nne za mhuri:
wiki ya thelathini na moja, mwaka wa kumi na sita.
Tairi lako, dada, lingekuwa mtoto
ungeshamnunulia sare ya shule.

"Na jipya?"
Elfu tatu na mia nne.
Anacheka kama mtu aliyekanyagwa mguu.
Mshahara wake wa Machi haujafika, na hii ni Juni.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Aliyesema hivyo alikuwa na nyumba,
na nyumba hukaa pale pale.
Ukuta wa nyumba haupiti kona za Miru mwendo wa sitini,
kushoto mwamba,
kulia mto ambao jana ulikuwa theluji.

Juu ya mlango wangu limening'inia tairi,
kama kwa mafundi wote toka hapa Upshi mpaka kwetu Darbhanga,
ili dereva wa lori aone kwa mbali.
Watu hudhani ni kibao tu.
Hakuna anayenyanyua shingo kutazama upande wa ukutani,
ile kamba nyeusi ya gundi, imesokotwa vizuri, imekatwa sawia,
kazi ya mkono wangu, mwaka wangu wa kwanza huku,
nilipokuwa naona haya kumwambia mteja hapana.
Alikuwa mpishi wa kambi ya barabara.
Alinilipa mia na hamsini, akaniongezea sigara.
Siku ya tatu wenzake walileta gurudumu, nilitoe tairi.
"Rimu bado nzima," walisema, "itamfaa mwingine."
Sikuuliza kitu.
Walikuwa wamevua kofia, na upepo ulikuwa mkali.

Simwambii Skarma haya. Barafu inayeyuka.

Naenda nyuma ya kibanda, ilipoegemea pikipiki yangu.
Saizi ni ile ile.
Kashata zimeanza kulika, lakini ubavu ni mzima,
nimeupapasa wote, mara mbili, kama anayetafuta homa.
Nalitoa, navalisha, nampigia upepo.
Yangu inabaki juu ya mawe matatu, kama sufuria.
"Nitalipa lini?"
Machi ikifika.
Anataka kusema neno, anaangalia saa, analimeza.
Anapiga kiki. Mlio wake unanyooka kuelekea Miru,
unakatwa na mlima, unarudi kidogo, unaisha.

Sasa lile bovu liko mapajani mwangu.
Kwa mbali bado ni tairi. Lingemdanganya mtu.
Natafuta msumeno
nalikata vipande viwili, vitatu,
asije mwingine kesho na haraka zake
akanikuta mimi
na haya zangu.