Kibodi ya Ofisi Na. 2

Ililetwa ndani ya kiroba cha mbolea,
siku ambayo mvua ya Tukuyu ilianza alfajiri ikasahau kuacha.
Ambokile aliitua mezani, meza ikaguna.
"Fundi, humu mna nini? Nasikia zingine zina dhahabu."
Aliipata mnadani, kiwanda cha chai kilipofungwa,
pamoja na mizani mbovu na viti vitatu visivyo na migongo.

Niliisugua kwa mswaki. Vumbi la chai likatoka,
bado lina harufu.
Rangi yake ya jino la mvuta kiko.
Jina la mtengenezaji hakuna. Mgongoni, kwa rangi nyekundu:
OFISI NA. 2
na chini yake mtu kakwaruza kwa msumari:
usiguse, ya Bupe.

Niling'oa kofia ya A.
Chini yake shina jeupe, la mraba, limetulia.
Nimefungua nyingi mimi. Nazijua za bati mbili zinazobusiana
mpaka busu linaota kutu.
Nazijua za sifongo, sifongo likioza
unageuza kibodi, linamwagika kama makapi ya ulezi.
Nazijua za mpira, hizi za leo, zisizo na la kusema.
Hii ilishuka moja kwa moja,
haikukwama, haikulia,
ikapanda tena kwa adabu ya mtu aliyeitwa akaitika.

Nikaleta mita.
Miguu minne. Nikapima miwili miwili, kila jozi.
Kimya.
Nikabonyeza. Kimya.
"Imekufa," akasema Ambokile.
"Ngoja."

Tusekile, tunayegawana naye banda, yeye na cherehani yake,
alikuja kutafuta pini iliyomdondoka.
Tukaiona wote kwa pamoja:
imesimama wima ubavuni mwa shina la A,
haijashikwa na chochote.

Sumaku!
Nikawaeleza, maneno yakikanyagana:
shina limebeba sumaku, inashuka nalo,
kando yake kuna kipande cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele,
kinahisi kuwa mwenzake amekaribia, kinapeleka habari.
Havigusani.
Miaka yote ile ya hesabu za majani mabichi,
ya mishahara ya wachumaji,
havikugusana hata siku moja.

Tusekile akafunika mdomo kwa ncha ya kanga.
"Mkwe na mkaza mwana," akasema.

Kisha, akiwa bado ameinamia meza:
"Miaka tisa niliishi ua mmoja na baba yake mume wangu.
Jina lake hata leo silitamki.
Uso wake sikuujua.
Alikohoa pale kona ya migomba,
nami na kuni zangu naingia kwenye kahawa, najikunyata, anapita.
Chakula niliacha kizingitini.
Akigonga bakuli mara moja kwa kucha,
chumvi imetosha.
Akigonga mara mbili, narudi jikoni.
Siku moja kikohozi hakikuja.
Nikajua kabla ya watu kupiga yowe."

Ambokile alitazama nje, mvua.

Nikaunga nyaya, nikaipa volti tano.
Nikabonyeza A:
mshale wa mita ukainuka, taratibu, kama aliyeamshwa.
Tulizipima zote mpaka giza likaingia.
Themanini na saba ziliitika.
Moja, ya nukta mkato, ilikataa,
na sijui bado kwa nini.

"Kwa hiyo dhahabu?"
"Hamna."
Akaiacha, iwe malipo ya deni la redio.

Kwenye daftari niliandika:
Swichi za sumaku. Miguu minne. Hazigusani.
Pini sijamrudishia.
Siku hizi nikifika asubuhi na kukuta cherehani inakwenda,
nasimama kwanza nje, penye matone,
nakohoa.
Cherehani inanyamaza.
Namsikia anacheka.