Pumzi Hamsini na Nane

Nesi Ndekirwa hashiki karatasi kwanza.
Anapandisha fulana ya Hamdani hadi kwapani,
anatazama kifua, anatazama saa,
midomo inahesabu bila sauti.
Nahesabu naye. Napotea kwenye thelathini,
maana ngozi inabonyea chini ya mbavu
kama mfuko wa rambo ukinyonywa na upepo.

Hamsini na nane, anasema.
Ndipo anavuta karatasi.

Mnalala wangapi chumbani?
Sita.
Na shemeji, aliyekuja kwa wiki mbili
tangu Mfungo Tatu. Basi saba.

Dirisha?
Lipo. Nimeliziba kwa boksi la sabuni
tangu mwizi wa Vingunguti apitishe ufito
akaopoa simu kichwani petu.

Unapikia wapi?
Mvua ikinyesha, jiko linaingia ndani.
Wateja wa vitumbua hawajui masika.
Saa kumi alfajiri mkaa unatema cheche,
mtoto mgongoni, moshi unanipita begani
kama mtu aliyetumwa kwake.
Mimi natoka machozi.
Yeye nilidhani amelala.

Kuna anayevuta sigara?
Baba yake, lakini huvutia nje, nasema upesi.
Nesi ananitazama tu.
Nakumbuka shati: linatoka nje, linaingia ndani,
na Hamdani anapenda kulalia kifua kile.

Alizaliwa kabla ya siku zake?
Kabla. Kilo moja na robo tatu.
Wodini walimwita njiti, nikalichukia neno,
nikamnenepesha kwa hasira,
ziwa langu peke yake, miezi minne,
hadi biashara iliponiita
na uji ukachukua zamu.

Zulekha hayumo kwenye karatasi ile.
Nikamtaja mwenyewe.
Ana miaka minne, yuko chekechea Kwa Mnyamani,
watoto arobaini na mmoja, kikombe kimoja cha maji.
Alirudi Jumatatu na kamasi hadi mdomoni,
akatupa begi, akamkimbilia mdogo wake,
akambusu pale pale puani.
Nilicheka. Nilimwita jirani aje aone.

Bibi yao kasema ni kimeo,
kuna mzee Kiwalani anakikata kwa elfu tano.
Noti ninayo hapa, nimeifunga kwenye pindo la kanga.
Mimi nilikuja na langu: upepo,
tulimwogesha jioni.
Nesi anasikiliza yote mawili, hachoki.
Kimeo msikiguse, anasema.
Anaandika neno moja kubwa: Amana.
Leo, mama. Si kesho asubuhi.

Elfu tano ikaenda kwa bajaji.

*

Usiku wa sita tangu turudi.
Boksi nimelitoa, nimepigilia wavu na nondo mbili za kuokota.
Shati linalala msumarini, barazani,
na mwenye shati ananuna, lakini ananawa.
Zulekha anambusu mdogo wake mguuni.
Tumekubaliana mguu. Anaudai kila saa.

Shemeji bado yupo.

Nawasha tochi ya simu, naifunika kwa vidole
nisimwamshe mtu, napandisha fulana.
Thelathini na nne. Thelathini na tano.
Nangoja dakika iishe.
Thelathini na sita.

Juu ya bati, tone. Kisha tone.
Jiko liko uani,
unga wa mchele umeshaumuka,
nami nimekaa na tochi mkononi
sijui nilipeleke wapi.