Vifuko Vitupu

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, Al-Khudh,
joto limeshakwea kioo cha gari.
Nafungua kabati la seli: nyuzi thelathini na saba,
homa ya kudumu ya watu wasiokuwepo.

Sahani ya kushoto ni ufizi
wa kijana wa Barka aliyeng'olewa gego la mwisho:
kipande kama punje ya mchele. Alitia saini, akaenda zake.
Sahani ya kulia ni ngozi ya mtu wa mbali,
sijui jina, sijui kama yu hai;
ngozi yake inaendelea kugawanyika bila yeye.

Nazimiminia dawa ya ganzi.
Ikienda peke yake, uchi,
hufika haraka na hufika kwa hasira.
Seli za ufizi hujikunja, huachia sakafu ya sahani,
huelea kama maganda ya kitunguu kwenye maji.
Ngozi huvumilia zaidi kidogo.
Ngozi imezoea mambo.

Ndipo naifunga dawa ileile
ndani ya vifuko vya mafuta,
vidogo hata darubini yangu haivioni,
nayo hushuka polepole,
kama mgeni anayepiga hodi mara tatu
na kungoja aitikiwe.
Asubuhi ya pili seli bado zimeshika chini,
nyembamba, ndefu, kila moja na kiini chake.

Si kila dawa. Iko moja, uifunge usiifunge, ni ileile.
Na Profesa Sulaima hachukui neno "inalinda".
"Andika ulichokiona, Muzna. Andika: zimekufa chache."

Mama huniuliza nafanya nini kutwa.
Maneno ya kazi sina kwa Kiswahili,
niliyapata kwa Kiingereza, katika chumba kisicho na dirisha.
Namwambia: napima namna dawa inavyobebwa.
"Yaani wewe karani wa wapagazi,"
kwa lafudhi ya Wete ambayo miaka hamsini ya Maskati
haijaing'oa.

Ana vidonda mdomoni tangu mionzi.
Hupaka jeli ya ganzi kabla ya kula.
Juzi aliuma shavu lake akidhani ni tende,
akacheka, damu ikashuka kwenye leso.
"Ulimi wenyewe wa kuazima."

Daktari alinipa habari kwa Kiarabu, wima, kwenye ujia,
sentensi moja.
Iliingia mbichi. Niliachia sakafu.
Kutoka hospitali hadi Mabela ni dakika ishirini na tano;
niliendesha saa nzima, nikizunguka viwanja vya maduka,
nikiifunga, nikiifungua, nikiifunga tena.
Nikamwambia kwa lugha yake,
lugha ya "kidogo", ya "eti", ya "wamesema tungoje".
Ikamfikia jicho kwanza,
kisha mikono iliyokuwa ikichagua mchele
ikapunguza mwendo. Haikusimama.
"Umeipaka mafuta mengi," akasema.
"Lakini imefika."
Akatoa jiwe moja jeusi, akaliweka ukingoni mwa sinia.

Hakuna jaribio bila vifuko vitupu.
Sahani ya tatu: mafuta tu, bila dawa ndani,
tujue kilichofanya kazi ni mzigo au ni mchukuzi.
Mara nyingi hakuna kitu.
Mara nyingine kuna kitu kidogo,
takwimu husema labda,
na Profesa hutaka turudie.

Usiku nakaa ukingoni mwa kitanda chake.
Nasema haya mama, nasema eeh, nasema lala,
maneno hayana chochote ndani.
Feni ya kipoza hewa inagugumia.
Anageukia ukutani, pumzi yake inarefuka.

Nimerudia jana. Nimerudia leo.
Safu hii sijui niijaze nini.